Dakika Ishirini za Bibi

Kila siku ya kazi, jua likiwa bado halijapanda juu ya paa la kituo cha afya, watu huwa wameshafika. Wanakuja na daftari mkononi, kwa sababu bila daftari huandikiwi dawa. Kila anayefika hulilaza daftari lake kwenye kizingiti cha dirisha la mapokezi, juu ya la mwenzake, kisha anatafuta pa kukaa. Mabenchi ni sita. Watu ni themanini. Wanaokosa benchi hukaa kwenye sakafu ya baraza, wakanyoosha miguu, wakaanza kuusema ukuta, kisha serikali, kisha wauguzi, kwa mpangilio huo huo kila siku.

Saa mbili dirisha linafunguliwa. Muuguzi wa mapokezi, mama mnene mwenye sauti ya king'ora, anachukua daftari na kuita jina. Anachukua jingine, anaita. Muuguzi mwingine, kijana aliyeanza kazi mwaka huo, anapima joto na presha. Hivyo hivyo mpaka mchana.

Kwenye mji wenye kituo hicho alikuwepo msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Shule nzima ilimwita Chiriku. Aliishi na baba yake na bibi yake, mama yake baba. Bibi alikuwa na ugonjwa wa kisukari na kila mwezi alikwenda kituoni kupimwa. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Shule aliiacha darasa la tano, na hakuwa na subira na watu wanaoongea vizuri kuliko wanavyofanya kazi.

Likizo ilipokaribia, akaja Mratibu wa utafiti.

Alikuja na gari, bango na katoni tatu za fulana. Ofisi moja ya afya ilikuwa imetoa fungu la fedha ili ichunguzwe kwa nini wagonjwa wanasubiri sana vituoni. Lilikuwa swali zuri, na fungu lilitosha kulijibu. Lakini Mratibu alikuwa mtu wa aina ile ambayo ukimpa jembe, kwanza analipaka rangi. Bango likachapwa. Fulana zikachapwa. Ukumbi ukakodiwa kwa ajili ya ufunguzi, na wakubwa wakapigwa picha wakishika mkasi. Ilipofika zamu ya utafiti wenyewe, hapakubaki cha kuwalipa watu wazima wanaoijua kazi. Ndipo Mratibu akaenda shuleni kuomba watoto wanaojua kusoma saa.

"Utafiti ni sayansi, watoto," alisema, akiipapasa tai yake kama mtu anayepapasa paka. "Na sayansi ni takwimu. Takwimu ni nini?"

Mtoto mmoja akanyoosha mkono.

"Takwimu ni takwimu!" akajijibu, akajipigia makofi.

Walichaguliwa wawili: Chiriku na mwenzake wa darasani aliyeitwa Goti, kwa sababu magoti yake yalikuwa makovu matupu ya mpira. Goti akapewa dirisha la dawa, Chiriku dirisha la mapokezi. Kando ya umri na ugonjwa wa kila mmoja, fomu ilikuwa na safu mbili za saa: saa mgonjwa aliyofika na saa aliyoitwa. Siku tano za likizo, basi.

Siku ya kwanza Chiriku alifanya kazi vizuri. Lakini saa tano Mratibu alipopita kuchukua fomu, nusu ya wagonjwa walikuwa bado hawajaitwa. Akashusha kioo cha gari, akaitazama karatasi kama mtu aliyepewa samaki aliyeoza.

"Hii ni nini? Mapengo! Fomu safi haina mapengo, binti."

"Lakini bado hawajaitwa, mzee."

"Sitaki mapengo," alisema Mratibu, akapandisha kioo.

Siku ya pili Chiriku aliandika saa za kufika tangu alfajiri. Bibi naye alikuwemo. Alifika saa moja na robo, mtu wa tatu, akalaza daftari lake na kumtania mjukuu wake: "Mke mwenzangu, uniandike vizuri. Usinipunguzie miaka, wataninyima dawa." Alikuwa hajala kitu, maana aliagizwa aje kupimwa sukari kabla ya kula.

Saa mbili unusu Goti akaja anakimbia.

"Chiriku! Wasichana wa la saba wana mechi uwanjani, wamepungukiwa mmoja. Twende!"

"Na fomu?"

"Fomu utajaza huko huko. Kwani nani anasoma makaratasi haya? Yule na tai yake?"

Chiriku akaenda. Wakati wa mapumziko alikaa nyuma ya goli, akajaza mapengo yote ya safu ya pili. Huyu dakika ishirini. Huyu ishirini na tano. Huyu thelathini, ili isionekane ya kubuni. Alipofika kwenye mstari wa bibi yake, akampa dakika ishirini kamili, kwa heshima. Saa tano Mratibu aliipokea fomu, akaikagua juu chini na kutabasamu kwa mara ya kwanza.

"Fomu safi kuliko zote! Hapa ndipo penye akili."

Saa saba mchana jirani mmoja alimleta Bibi nyumbani akiwa amemshika mkono. Bibi alikuwa analowa jasho na midomo inatetemeka. Baba alitupa koleo chini.

"Mama! Umekuwa wapi mpaka saa hizi?"

"Nitakuwa wapi, mwanangu? Kituoni. Nimeitwa saa sita na nusu, na tumbo tupu. Mikono ikaanza kucheza ngoma isiyopigwa, kisha macho yakajaa giza. Yule muuguzi kijana ndiye aliyenidaka. Akanipa maji ya sukari. Bila yeye mngekuja kunibeba."

Chiriku alisimama mlangoni. Bibi akamtazama.

"Mke mwenzangu, leo nani kakukata ulimi?"

Chiriku akaenda kumchotea maji. Angeweza kusema siku ile ile, fomu ikafutwa, yakaisha. Hakusema. Na siku tatu zilizobaki alifanya nini? Alibuni vile vile. Uongo ni kama kandambili: ukishavaa mguu mmoja, unalazimika kuvaa na wa pili.

Baada ya wiki mbili watu waliitwa kwenye baraza la kituo. Mratibu mwenyewe hakutaka kikao hicho. Ofisi iliyotoa fedha ndiyo iliyoweka sharti kwamba matokeo yasomwe mbele ya wananchi. Alisimama chini ya bango lake na kitabu chenye jalada linalong'aa.

"Utafiti umebaini," alisoma, "kwamba wastani wa kusubiri katika kituo hiki ni dakika ishirini na nane."

Baraza zima likacheka. Mzee mmoja akauliza kama ni dakika za saa au za kalenda.

"Kwa hiyo," Mratibu aliendelea, "inapendekezwa muuguzi wa pili ahamishiwe kwingine, kwani hapa hahitajiki."

Kicheko kikakatika. Muuguzi kijana aliinamisha kichwa. Wanawake wakaanza kupiga kelele. Mratibu akachomoa fomu kwenye mkoba, akaipunga hewani.

"Tulieni! Takwimu hazidanganyi! Na hazikuandikwa na mimi, zimeandikwa na mtoto wenu wenyewe. Sikilizeni. Mgonjwa wa tatu, mwanamke, miaka sabini na moja, kisukari. Alifika saa moja na robo. Aliitwa saa moja na dakika thelathini na tano. Dakika ishirini tu!"

Bibi aliinuka taratibu, akiegemea bega la Baba.

"Huyo ni mimi," alisema. "Siku hiyo ndiyo niliyoanguka."

"Na saa moja na dakika thelathini na tano mimi nilikuwa njiani," alidakia muuguzi wa mapokezi. "Dirisha langu hufunguliwa saa mbili. Nani alimwita huyu mama, bundi? Wewe msomi uliisoma fomu hii, au uliupenda tu mwandiko?"

Mratibu aliitazama fomu. Ilikuwa dhahiri kwamba anaisoma kwa mara ya kwanza. Kisha, kama wafanyavyo watu wa namna yake, akatafuta mdogo wa kumtupia mzigo. Akanyoosha kidole.

"Muulizeni yule pale."

Macho ya watu wote yakahamia kwa Chiriku. Aliuangalia mlango wa baraza, ulikuwa karibu. Akamwangalia muuguzi kijana, ambaye wiki ijayo angefungasha virago. Akamwangalia Bibi, ambaye mwezi ujao angeketi pale pale na tumbo tupu, pasiwepo wa kumdaka.

"Ni uongo," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu. "Saa za kufika ni za kweli. Saa za kuitwa nilibuni. Nilikwenda kucheza mpira. Sikumwona hata Bibi akiitwa."

Baba hakumpiga. Ingekuwa nafuu angempiga. Alimwangalia kama anavyoangalia chuma chenye kutu ndani, kisha akamgeukia Mratibu.

"Na wewe, mtu mzima, futa hayo uliyoyasoma."

"Haiwezekani. Ripoti imeshachapwa. Ina jalada."

"Basi kalile hilo jalada."

Mratibu alikusanya makaratasi yake na kuingia garini. Bango alilisahau. Muuguzi wa mapokezi alilishusha, akaligeuza kuwa pazia la chumba cha sindano, na hiyo ndiyo kazi pekee ya maana iliyofanywa na bango lile.

Jioni ile ile muuguzi huyo aliiandikia ofisi ya afya barua. Alieleza kilichotokea bila kupaka asali, akaomba uamuzi wa uhamisho usubiri siku kumi. Halafu akamwita Chiriku.

"Utarudi kwenye kiti chako. Safari hii hakuna fulana wala bango. Utakaa mpaka mgonjwa wa mwisho aitwe. Ukibanwa na haja, mwenzako akae. Na pengo likiwepo, liache liwe pengo. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Siku kumi Chiriku na Goti walikaa pale kwa zamu. Ilikuwa kazi ya kuchosha na haikuwa na makofi. Siku ya nne Chiriku alianza kukuna kichwa.

"Goti, hebu ona. Aliyefika saa moja ameitwa saa sita. Aliyefika saa nne ameitwa baada ya dakika kumi."

"Labda huyo wa saa nne ni shemeji yake muuguzi."

"Jana pia? Na juzi? Ana mashemeji wangapi?"

Wakaacha kuangalia saa, wakaangalia mkono wa muuguzi. Mkono ule ulitoka dirishani, ukachukua daftari la juu. Ukatoka tena, ukachukua la juu. Kila mgonjwa mpya aliweka lake juu, na mara likachukuliwa. Madaftari ya waliodamka gizani yalikuwa chini kabisa, yakikandamizwa. Ukiwahi kituo kile, ulikuwa umejichelewesha mwenyewe.

Walipomwonyesha hesabu zao, muuguzi alizisoma mara mbili, akaketi.

"Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa nachukua la juu kwa sababu ndilo lililo karibu na mkono. Na watu wanavyonitukana, nilidhani wana roho mbaya tu."

Kesho yake Baba alileta vipande vya bati alivyovikata na kuvigonga namba, moja mpaka mia. Ukifika unachukua namba yako, na unaitwa kwa namba hiyo. Ofisi ya afya ilijibu kwa barua fupi: uhamisho umefutwa, na ripoti yenye jalada imeondolewa. Wastani wa kweli ulikuwa karibu saa tatu, na hata kwa namba za bati, mikono ya wauguzi wawili ilihitajika kuupunguza.

Muuguzi alibandika matokeo yote kwenye ukuta wa baraza kila mtu ayasome. Mratibu alisikia, akaja kuhamaki.

"Karatasi za utafiti hazibandikwi ukutani kama tangazo la mbuzi aliyepotea!"

"Mbuzi akipotea, tangazo hubandikwa ili apatikane," alimjibu Baba. "Wewe ungeyafungia matokeo kabatini. Unataka mbuzi afie huko?"

Baba akabandika karatasi moja zaidi, kando ya zile nzuri. Ilikuwa fomu ya uongo, ambayo ofisi iliirudisha pamoja na barua yake, na juu yake Chiriku alilazimika kuandika kwa mkono wake: Hii niliibuni. Wiki nzima alipita pale akiangalia vidole vya miguu yake.

Siku moja akaja muuguzi kutoka kituo cha jirani. Alisoma ukuta wote, akanakili hesabu kwenye daftari, huku akitikisa kichwa. "Na sisi tunachukua la juu," alinong'ona. Kisha akafika kwenye fomu ya mwisho. "Hii mbona mmeiacha? Inamtia mtoto aibu."

"Imtie," alisema Baba. Alikuwa amemleta Bibi kupimwa, na Chiriku, ambaye aliendelea kuandika saa za wagonjwa, alikuwa kando yake. "Sikiliza na wewe, binti yangu. Mimi nikipima mlango wa mtu kwa uongo, chuma hakijui kwamba nimedanganya. Kinakatwa kweli. Ofisi kule juu nayo haijui. Ukiwaandikia dakika ishirini, watamhamisha muuguzi kwa dakika ishirini, na bibi yako ataanguka kweli. Fedha za utafiti ni za wagonjwa. Anayezila kwa fulana ni mwizi, anayezijazia uongo ni mwizi mwenzake, na anayeficha majibu ni wa tatu. Ulikuwa miongoni mwao. Sasa umetoka. Usirudi."

Chiriku akashika kalamu. Ndani muuguzi wa mapokezi aliita namba nne. Bibi akanyanyuka, na saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika kumi. Chiriku akaiandika hivyo hivyo.