Usimtaje Dada

Foleni ya duka la dawa saa ya mapumziko ya mchana ilikuwa imefika mlangoni, na humo ndani ya foleni mwanamume mmoja alimkanyaga mwanamke kiatu.

"Samahani, dada! Nimekuumiza?"

"Mimi mzima. Mgonjwa ni kiatu."

Akacheka. Alikuwa fundi miwani wa duka la jirani, aproni yake ya kijivu imejaa vumbi la vioo. Mwanamke alikuwa mpokea wageni wa hoteli: blauzi nyeupe iliyonyooshwa pasi, skafu ya bluu shingoni, na poda nzito ya kuficha madoa ya chunusi za usichana. Alikuwa akihangaika kusoma maandishi ya kichupa cha mafuta ya kuzuia jua.

"Lete nikusomee," fundi alisema. Akakisogeza machoni, akakirudisha. "Aliyeandika haya hakutaka yasomwe. Njoo dukani nikupime macho."

"Macho yangu hayana shida."

"Basi njoo uyahurumie yangu. Yamegoma kutazama kwingine."

Akaenda. Baada ya miezi michache alikuwa akiitwa Mboni, mboni ya jicho la mtu, naye akimwita mwenzake Fundi. Kila asubuhi simu ililia.

"Mboni, umeamka?"

"Kwani anayeongea nawe ni nani, mto?"

Mwaka haukuisha, posa ikapelekwa. Harusi ikapangwa baada ya miezi miwili.

Mboni alitaka siku hiyo uso wake uwe safi. Aliulizia kwa wafanyakazi wenzake mpaka akampata daktari wa ngozi, mama mtu mzima mwenye miaka ishirini na miwili kwenye kazi hiyo. Daktari alimshika kidevu, akamgeuzia dirishani, akamuuliza anatumia sabuni gani na kama kwao kuna mtu ambaye vidonda vyake huacha makovu ya kuvimba.

"Mama yangu," Mboni alijibu.

"Basi ngozi yako haitaki pupa. Tutaanza na dawa kidogo nyuma ya sikio, tungoje tuone ngozi inavyoipokea. Madoa yatapungua, ila si kabla ya harusi."

Dada yake Fundi aliposikia alikuja juu. Alikuwa amefungua saluni ya uso ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu, baada ya mafunzo ya wiki tatu. "Wifi, uhangaike kwa watu baki na mimi nipo? Siku kumi tu, uso unang'aa!"

Mboni akasita. Aliyemsukuma ni Fundi.

"Ukimkatalia ataona umemdharau, na mama naye atanuna. Nifanyie mimi, mpenzi."

"Uso ni wangu, Fundi."

"Na mimi si wako?"

Akakubali. Alilala chali, dawa ikapakwa mashavu yote, kulia ikarudiwa.

"Wifi, inachoma."

"Ukitaka uzuri sharti udhurike. Dakika tano tu."

Zikawa kumi na tano, maana wifi alitoka kupokea simu.

Siku ya tatu shavu la kulia lilichubuka likawa bichi. Miezi miwili baadaye kovu nene jeusi lilikuwa limeshika toka chini ya jicho hadi taya. Hotelini walimtoa mapokezi wakampeleka chumba cha simu, nyuma ya jiko. Harusi ilikuwa imeshaahirishwa.

Alirudi kwa daktari.

"Nani amekufanyia hivi?" daktari aliuliza. "Nataka azuiwe."

Mboni akaomba udhuru, akatoka nje kumpigia Fundi.

"Usimtaje dada," Fundi alimsihi. "Watamfungia. Ni damu yangu, Mboni. Nimeongea naye, ameapa ameacha."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu."

Akarudi ndani akasema alinunua dawa sokoni, akajipaka mwenyewe. Daktari akaandika.

Wiki sita baadaye, siku ya sindano ya kovu, kwenye benchi la kungojea alikaa karibu na binti wa miaka kumi na tisa aliyejifunika mtandio. Mtandio ulipoteleza, Mboni alilijua lile jeraha kabla ya kuuliza.

"Ulifanyiwa wapi, mdogo wangu?"

"Juu ya duka la viatu. Jumanne iliyopita."

Mboni alimgeuzia shavu lake la kulia. "Mimi pia alinifanyia yeye," alisema. "Nikanyamaza."

Binti aliinuka. Alichukua mkoba wake akahamia benchi la mbele.

Siku hiyo Mboni alimweleza daktari kila kitu. Saluni ikafungwa. Mama yake Fundi akapiga simu kusema posa imevunjika, asikanyage tena kwao.

Fundi alikuja siku ya tano, akamngoja mlango wa wafanyakazi wa hoteli, hajanyoa ndevu.

"Ulijua kwamba hajaacha?" Mboni alimuuliza.

"Alisema ni wateja wawili watatu tu, amalizie dawa iliyobaki." Akamsogelea. "Nakupenda, Mboni. Tuondoke, tuanze upya mji mwingine."

"Nakuamini kwamba unanipenda. Yule binti anakuja kliniki kila Alhamisi. Nenda ukakae mbele yake, umtazame usoni, umwambie ulijua. Ukitoka hapo, njoo tuongee."

Fundi aliangalia viatu vyake. Lori la mkate liliingia, likashusha mzigo, likatoka. Bado alikuwa anaviangalia.

"Siwezi," akasema.

"Haya, baba. Nenda salama."

Alhamisi iliyofuata Fundi hakutokea kliniki. Binti naye hakuja, na simu ya daktari hakuipokea. Daktari alimwambia Mboni kwamba kovu litalainika, lakini kuondoka halitaondoka.

Aliporudi kazini simu ilikuwa ikilia. Wageni wa ghorofa ya tatu walitaka taulo. Akawaambia zinakuja.