Wilkista Asifungwe

"Hodi humu ndani."

Nanjala alishtuka. Alikuwa akichambua omena, dagaa wa ziwani, nyuma ya nyumba yake, pale Malaba mpakani, karibu na foleni ya malori. Mwanamke asiyemjua, aliyevaa sare ya muuguzi, alikuwa amefika mlangoni na mkoba wa chanjo.

"Karibu, dada. Ngoja hapo kwanza."

Mgeni alikuwa ameshaona. Ndani, msichana wa miaka mitano alikuwa amefungwa kamba mguuni, kwenye kitanda. Alizungusha kifuniko cha sufuria bila kuinua macho.

"Naitwa Phoebe," muuguzi alisema polepole. "Huyu ni nani?"

"Wilkista wangu. Usinishtaki, dada. Haongei. Ukimwita haangalii. Nikienda sokoni anakimbilia malori, anaingia chini kutazama magurudumu. Siku moja lori litamkanyaga. Mama mkwe anasema nimerogwa."

"Anasikia?"

"Lori likipiga honi, anaziba masikio na kulia."

Phoebe aliketi karibu na mtoto, hakumgusa. "Huu si uchawi. Wala hukumlea vibaya. Kuna watoto ambao akili zao hukua kwa njia nyingine. Madaktari huiita otizimu. Mlete hospitali apimwe vizuri, na masikio pia. Dawa ya kuiondoa hakuna, lakini atajifunza. Kelele zinamuumiza. Maneno mengi yanamchanganya. Mwambie machache. Akikuvuta mkono, mfuate, anakueleza jambo."

"Na malori?"

"Awe na mtu wa kumwangalia kila wakati. Kamba inamwongezea hofu tu."

"Sitamfunga tena," Nanjala alisema, ingawa hakujua ataweza vipi.

Siku ya soko alikwenda naye. Walikaa nyuma kabisa, mbali na barabara, mahali wateja hawafiki haraka. Mchana malori yakaanza kupiga honi. Wilkista akapiga mayowe, akajitupa chini. Watu wakasogea kutazama.

"Nanjala, leo unauza ama unalea?" Millicent, muuzaji mwenzake, alicheka. "Si ungemwacha na kamba yake."

Nanjala alipiga magoti. Alitaka kumkemea mtoto, akajizuia.

"Kelele," alisema. "Mama yuko."

Wilkista alishika mikono ya mama yake, akaiweka juu ya masikio yake mwenyewe. Kilio kikapungua. Hakuwa amewahi kumwomba mama yake kitu hata siku moja.

"Mama, omena ni bei gani?" mteja aliuliza. Nyuma yake walisimama wengine wawili na vikapu.

Nanjala hakuondoa mikono.

"Nunueni kwa Millicent," alijibu.