Mwanamke wa Ukumbi wa Saba

Ukumbi wa saba ulinuka maziwa yaliyochacha. Kwenye jumba lile la sanaa hata chupa ya maji huachwa mlangoni, hata kutafuna bigijii ni kosa. Sasa maziwa yametoka wapi? Mlinzi wa ukumbi alipekua chini ya mabenchi, akanusa hadi viatu vyake mwenyewe, kisha akamsogelea mwongozaji.

"Profesa," alisema chinichini, "hii harufu huanza kila ukimaliza kusema."

Uprofesa wenyewe ulikuwa dhihaka tu. Jamaa alikuwa na digrii ya historia ya sanaa, daraja la kwanza, na miaka minne ya kusambaza sivii ambazo bila shaka ziliishia kufungia sabuni. Mwishowe akaokota kibarua cha kuongoza wageni, probesheni ya miezi sita, full stop. Nyumbani kulikuwa na mke, na mtoto wa miezi mitano asiyejua probesheni ni mdudu gani.

Kazi ile ina mtego wake. Wageni wakimaliza ziara hujaza fomu, na ni fomu hizo zinazoamua nani atabaki. Picha ya ukumbi wa saba ilikuwa ya mwanamke aliyeketi kando ya kitanda kitupu cha mtoto, amepakata mto mweupe. Faili la picha hiyo mwongozaji alilisoma mwenyewe kule stoo: mtoto alikufa kwa homa, na mama alikesha naye usiku tisa. Wiki ya kwanza aliwaeleza wageni hivyo hivyo. Wakapiga miayo. Wiki ya pili ulimi ukateleza, akasema mama yule alimziba mwanawe pumzi kwa mto huohuo. Watu wakashika vifua. Fomu zikarudi zimejaa nyota.

Tangu siku hiyo hakuacha. Ila kila akitoka ukumbini aliyakwepa macho ya mwanamke yule, kama mtu anayempita jirani aliyemsengenya jana.

Jumatatu, siku ambayo jumba hufungwa, aliletewa mgeni wa ziara binafsi. Mkuu wa waongozaji alifuata nyuma na kalamu yake na ubao wa fomu, maana ziara hiyo ndiyo ingeamua kama jamaa anaajiriwa au anarudi kwenye sivii. Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi. Alivuka kumbi sita bila kutazama picha hata moja. Ukumbi wa saba akasimama, akaipa picha mgongo.

"Nieleze, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu alifanya nini?"

Mwongozaji aliinua macho juu ya bega la mgeni, akaona kitanda kitupu kama siku zote, na kando yake kiti kitupu, hakuna mwanamke wala mto, rangi imetulia kama vile hapakuwahi kukaa mtu, na harufu ya maziwa ikampanda puani hadi machozi yakamlenga, na nyuma yake akasikia kalamu ya bosi ikigongagonga ubao, bosi ambaye siku zote hutazama fomu na hajawahi kutazama picha, na akili ikamwambia sema homa, sema usiku tisa, sema samahani mama, lakini mdomo ulishazoea njia yake, ukafunguka, ukasema mto.

"Excellent," bosi alinong'ona, akaweka alama.

Mgeni aliitikia kwa kichwa. "Asante. Sasa nimejua."

Saa sita mchana mkataba ulikuwa umesainiwa. Profesa alirudi nyumbani amebeba furaha iliyomkaa tumboni kama jiwe. Kwenye ngazi, harufu ya maziwa yaliyochacha. Mkewe alimpokea mlangoni, kidole mdomoni.

"Baba, mbona hukuniambia unaleta yaya? Anasema mlikubaliana kazini. Polepole, mtoto amelala."

Aliingia chumbani, akaufunga mlango. Mwanamke alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mtoto. Mtandio ulikuwa mabegani, na uso ni ule aliouzoea kuukwepa. Mto mweupe magotini.

"Watu wote uliowasimulia wameondoka wakijua nilivyofanya," alinong'ona. "Mimi peke yangu nilikuwa sikumbuki. Ni hivi?" Akauinua mto.

"Nilidanganya." "Mama, nakuomba. Nilisoma faili. Nilijua."

"Mimi unaniambia nini? Waambie wao."

Alitoa simu, akampigia bosi, akayatapika yote: faili, homa, nyota za wageni. Bosi akamwambia, bila ukali wowote, kwamba mkataba ule autupe, na kesho asije.

Mwanamke aliukunja mto, akaubana kwapani, akasimama. Alimtazama mtoto jinsi mtu anavyotazama chake.

"Umenirudishia kweli yangu," alisema. "Basi na ibaki hapa kwako."

Akatoka. Harufu ikakatika kama iliyofungiwa mlango. Mkewe aliingia akiuliza yaya amekwenda wapi, mbona hakumwona akipita. Profesa alikaa chini, hana kazi tena, akakaribia kucheka kwa ahueni. Kisha akanyoosha mkono, akaugusa uso wa mwanawe.

Ulikuwa unachoma.

"Mfunike, twende hospitali," alimwambia mkewe, na huku akitafuta viatu alijikuta anahesabu kwa vidole: usiku tisa, huu utakuwa wa kwanza.