Pikapu Isiyozimwa

Saa 3:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma ya gereji, dirisha limezibwa kwa boksi. Bosi alichora duka la sonara kwa chaki sakafuni. Saa sita u nusu mlinzi huenda kula. Bosi, Tofali na Shemeji wataingia. Fundi atabaki kwenye usukani.

Fundi alisema mambo mawili tu. Breki ya mkono ya pikapu ile ilikufa siku nyingi, na stata ikipata moto inagoma kuwasha. Kwa hiyo injini isizimwe. Ikizimika, ni kusukuma.

Bosi akamwuliza kama ameleta gari au punda. Tofali, pandikizi la mtu, akacheka mpaka akakohoa. Fundi hakucheka. Shemeji ni mdogo wa mkewe, na mkewe alimwambia neno moja tu mlangoni: "Umrudishe."

Saa 6:31 mchana.

Waliingia. Fundi alikanyaga breki, injini ikitetemeka, jasho likimwingia machoni. Mshale wa joto ulikuwa umeshagusa nyekundu.

Saa 6:36.

Mlio mmoja wa risasi. Bosi na Tofali wakatoka mbio na begi la dhahabu, wakajitupa ndani. Shemeji akatokeza mlangoni akijikokota, suruali imelowa damu.

"Ondoa," Bosi alisema.

"Bado mmoja."

"Yule basi tena. Ondoa gari."

Bastola ikamgusa sikio. Fundi aliogopa, aliogopa kweli kweli. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo, ukazima.

Bosi akauzungusha mwenyewe. Tak. Tak tena.

"Nilisema asubuhi," Fundi alinong'ona. "Ni kusukuma. Na klachi yake naijua mimi peke yangu."

Kengele ya duka ikaanza kulia. Bosi akatukana, akatupa begi nyuma, akachomeka bastola kiunoni. Yeye na Tofali wakashuka, wakaegemeza mabega. Shemeji akaufikia mlango wa pikapu, Fundi akamvuta ndani kwa kola. Matairi yakaanza kuzunguka. Gia ya pili. Akaachia klachi. Pikapu ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka.

Hakusimama. Nyuma yake Bosi aliita mara moja, kisha kioo kikavunjika kwa risasi.

Saa 6:49.

"Tumepona?" Shemeji aliuliza. Midomo ilikuwa imepauka.

Barabara ya kutokea mjini ilikuwa kulia, tupu. Hospitali ilikuwa kushoto. Fundi akakata kushoto.

Mlinzi wa lango la hospitali aliinama dirishani, akaiona damu, akavuta machela. "Zima uje ushike miguu. Niko peke yangu."

Mguu wa Fundi ulikuwa bado juu ya breki. Akiutoa, gari litaserereka. Akizima, haliwaki tena, na ving'ora vilikuwa vimeshafika kona ya barabara.

"Shemeji," yule kijana naye alimwita Fundi, "usiniache."

Fundi akazima, akaliacha kwenye gia ya kwanza lisiserereke, akashuka kushika miguu.