Ala ya Mfalme Isaka

Haya yalimpata Mwanamwema binti Taufiq, rafiki wa mke wangu, huko ughaibuni, mjini Woodbridge, mwaka 1998. Mama mkwe wake alimtuma kwa sonara na sarafu ya dhahabu, itengenezwe kidani cha Yumna, mke wa shemeji yake.

"Na mimi, mama?"

"Wewe unazo bangili, mwanangu. Shingo ya Yumna iko tupu."

Sonara alifanyia kazi katika chumba cha chini ya nyumba, kisicho na dirisha. Mwanamwema aliitazama sarafu: Isaka Komnenos, mfalme wa Bizanti, upanga mkono wa kulia, na ala ya kuuchomeka mkono wa kushoto.

"Laiti ungeikata shingo hiyo ya Yumna," alimnong'oneza mfalme.

Taa zikazimika. Gizani chuma kilikwaruza sakafu, kikampita, ngazi zikalia moja moja hadi mlangoni.

Taa zikawaka. "Nani katoka?" sonara aliuliza.

Kwenye sarafu, Isaka alikuwa ameshika ala tu.