Glasi Kumi za Buibui

"Kilo tisini na tatu!"

Sauti ilikuwa ya mashine, kavu, na ilipaazwa kana kwamba duka zima lilikuwa likiisubiri habari hiyo. Jumamosi saa sita mchana, mlango wa supamaketi umefurika watu, na nani kasimama juu ya mizani inayosema? Buibui. Ovaroli ya rangi ya chungwa imembana mapajani, kilemba cha buluu kichwani, buti za kazi miguuni, na aibu usoni si ya kusimulia.

"Isikutishe, dada," akasema mwanamume aliyekuwa nyuma yake. "Juzi ilinipima na matikiti maji mawili mkononi. Nikatoka hapa na sifa za bondia."

Buibui akageuka akiwa tayari kwa ugomvi. Akamkuta kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi mpaka linasimama lenyewe, miwani imemteleza puani, anatabasamu bila kejeli. Ugomvi ukamwishia kooni.

"Na wewe ni nani, wakili wa mizani?"

"Mshauri wa lishe. Nina chumba kwenye lile jengo la vioo, ghorofa ya tisa."

"Dirisha lenye doa la gundi pembeni, kwa nje? Lile lisilotoka hata kwa wembe?"

Yule bwana akavua miwani. "Umelijuaje?"

"Mimi ndiye ninayeliosha."

Hapo ndipo alipomtazama vizuri, toka kilemba mpaka buti, na Buibui akahisi kifua kikimdunda kama mtu aliyepanda ngazi mbio. Waliondoka dukani pamoja, na maziwa aliyokuja kununua akayasahau.

Jina la Buibui alipewa na wenzake wa kamba, maana kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akining'inia kwenye maghorofa na ndoo yake, mwanamke pekee katika kikosi cha watu saba. Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Huko juu hakuna wa kumwita, hakuna wa kumtuma, ni yeye na kioo na upepo. Sasa Nyapara, yaani msimamizi wao, alikuwa ameleta mikanda mipya yenye masharti: mwisho kilo tisini. Baada ya miezi miwili kila mtu angepimwa, na atakayezidi angebaki chini kujaza ndoo. Buibui kujaza ndoo! Afadhali umkate mkono.

Alimweleza Bwana Mizani yote hayo, kwa maana ndivyo alivyokwisha kumbatiza. Naye akamchorea karatasi: kila siku na vyakula vyake, na chini yake maduara kumi.

"Glasi kumi za maji kwa siku, mpenzi. Ukimaliza glasi, unapaka duara. Jioni unanitumia picha."

"Umeniita nani?"

"Nimesema glasi kumi."

"Kabla ya hapo."

"Usinibane, nitarudia," akasema, na akarudia kweli.

Jamani, mapenzi yalinoga. Simu asubuhi kabla hajavaa mkanda, simu mchana akila, simu jioni. "Umekula nini, laazizi?" "Nimekula ulichoniandikia, na njaa yangu nakuletea wewe." Anacheka, naye anacheka, mpaka mama yake Buibui anagonga ukuta kwa kipimio chake cha mbao. Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa chumba cha pili.

Sasa sikiliza balaa lilipoingilia. Mtu wa kamba hanywi maji asubuhi. Atayapeleka wapi? Akishapanda saa mbili, atashuka saa tano, na huko katikati hakuna choo, kuna barabara tu na watu wanaopita chini. Kwa hiyo wote saba walianza siku wakiwa wakavu, na ikifika jioni karatasi ya Buibui ilikuwa na maduara kumi meupe yakimkodolea macho.

Jioni kikosi kizima huvuka barabara na kuingia baa. Siku ya kwanza Buibui aliagiza bia kubwa, akaimimina, akaitazama. Imetengenezwa na nini, kama si maji? Chupa moja ilitoa glasi mbili kamili. Akapaka maduara mawili. Ya pili, mawili tena. Akaagiza jini na soda, ambayo ukiiinua kwenye mwanga huitofautishi na maji ya bomba, akapaka la tano. Alihesabu kwa uaminifu mkubwa, hata povu hakulihesabu. Na kilipotokea kijisauti moyoni kikamuuliza, "Buibui, una hakika?" alikizamisha na glasi ya sita. Mengine manne aliyamalizia nyumbani kwa maji kweli, upesi upesi kabla ya kupiga picha.

"Kumi juu ya kumi!" Bwana Mizani akashangilia kwenye simu. "Hata wagonjwa wangu wa miaka mingi hawajafika hapo. Wewe ni bingwa wangu wa maji."

Wiki tatu za ubingwa. Akaenda kwenye ile mizani ya dukani, naye Bwana Mizani pembeni amemshika mkono.

"Kilo tisini na nne!"

"Mpenzi," akauliza kwa upole, "unakula kwa siri?"

"Sili! Haki ya Mungu, sili!"

Na kweli hakuwa akila. Walirudi, kila mtu na lake moyoni.

Ijumaa iliyofuata Bwana Mizani akaona ajitie moyo na kumtia moyo mwenzake. Akanunua chupa kubwa ya maji ya kubeba mgongoni, akaifunga utepe mwekundu, akauliza kikosi kilipo, akaingia baa saa kumi na moja na nusu. Buibui alikuwa amempa mgongo, povu mdomoni, kalamu mkononi, anapaka duara la nne.

Bwana Mizani akatazama duara. Akatazama glasi. Kisha, Mungu amsamehe, akaangua kicheko.

"Kumbe bingwa wangu wa maji anahesabu bia!"

Baa nzima ikapasuka. Nyapara alipiga meza mpaka glasi zikaruka. Mmoja akapaza sauti, "Niongezeeni maji, nina kiu!" na kicheko kikaanza upya. Buibui akasimama, akaikunja karatasi mara nne, akaiweka mfukoni mwa lile shati lililonyooshwa.

"Kaa nayo," akasema. "Uwachekeshe na wagonjwa wako."

Akatoka. Machozi aliyazuia mpaka alipovuka barabara.

Simu iliita siku mbili nzima. Hakupokea. Jumapili mchana mama yake aliitupa ovaroli mezani.

"Nimeipanua hii mara mbili. Kitambaa kimekwisha, mwanangu. Na huyo anayepiga, kakutukana?"

"Kanicheka mbele za watu, mama."

"Kukucheka ni kosa lake. Na bia ni kosa la nani?"

Buibui alikwenda jikoni, akanywa glasi ya maji taratibu, ya kwanza ambayo hakuinywa kwa ajili ya picha.

Jumatatu zamu yao iliangukia lile jengo la vioo. Alipofika ghorofa ya tisa alimkuta kasimama dirishani, hana tabasamu, mikono ameikutanisha kuomba radhi. Buibui akachovya sponji, akampaka povu kuanzia kwenye miwani mpaka kidevuni, akamfuta, akashuka zake hadi dirisha la ghorofa ya nane. Lakini Bwana Mizani hakutoka dirishani. Aliahirisha miadi, akavuta kiti, akaitazama ile kamba ikicheza mbele ya kioo, na akatazama saa. Tatu. Nne. Tano. Kamba haikupumzika hata mara moja.

Buibui alipogusa ardhi alimkuta amesimama kando ya ndoo, shati limelowa jasho.

"Saa tatu nzima," akasema. "Uko juu saa tatu, choo hakuna, nami nikakuandikia glasi kumi bila kukuuliza. Mgonjwa yeyote huwa namuuliza kwanza anafanya kazi gani. Wewe nilikuwa nimekutazama tu. Nisamehe. Na kicheko kile nisamehe zaidi."

Buibui alifungua mkanda polepole. "Bia nilijua," akasema. "Siku ya kwanza sikujua, ya pili nikajifanya sijui. Ulivyokuwa ukinisifu nilitamani ziwe maji kweli."

"Maji yamo humo, sikatai. Ila yanakuja na shibe yake inayonenepesha, halafu yanakukimbiza chooni mpaka unabaki mkavu kuliko ulivyoanza."

"Nimeshaona. Kila asubuhi kichwa kinanigonga."

Bwana Mizani akampa ile chupa yenye utepe mwekundu, akatoa karatasi mpya. Safari hii maduara yalifuata kamba: mawili alfajiri mapema, yapate kutoka kabla ya kupanda, matatu akishuka, mawili baada ya chakula, matatu jioni. Bia ilikuwa na duara lake peke yake, moja, Jumamosi.

"Moja tu?"

"Nitakunywa na wewe."

"Basi na iwe kubwa," akasema Buibui, na walicheka pamoja, safari hii hakuna aliyeumia.

Wiki tano aliifuata karatasi hiyo kama askari. Baa alikwenda, akakaa na wenzake na chupa yake yenye utepe mwekundu, wakamtania mpaka wakachoka. Wiki ya nne Nyapara mwenyewe akamnong'oneza, "Hebu nami nichoree hiyo karatasi."

Siku ya kupimwa alivua buti, akavua kilemba, akapanda mizani ya stoo macho yamefumbwa. Nyapara akainama, akakohoa.

"Themanini na tisa na nusu. Chukua mkanda wako, Buibui."

Kikosi kikalipuka kwa shangwe, wakamnyanyua na ovaroli yake iliyokuwa ikimpwaya kiunoni. Aliwasukuma, akakimbilia paa. Nusu saa baadaye alikuwa ghorofa ya tisa. Ndani Bwana Mizani alikuwa akimhudumia mama mmoja wa makamo. Buibui akapaka kioo chote povu, kisha kwa kidole, kwa herufi za kinyume alizozizoea kwa miaka ya kuwatania makarani, akaandika: NIOE.

Bwana Mizani akaganda, kalamu hewani.

"Kijana, mjibu basi!" akafoka yule mama. "Unamwacha mtoto wa watu ananing'inia?"

Bwana Mizani akaikamata karatasi iliyokuwa mbele yake, akaigeuza, akaandika kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye kioo kwa viganja vyote viwili: NDIYO. HATA LEO.

Buibui alipiga ukelele uliosikika mpaka kituo cha mabasi. Alishuka na machozi na povu, akampigia mama yake hata mkanda hajaufungua.

"Mama, weka ovaroli pembeni. Kuna gauni la kushona. Jeupe!"

Cherehani ikanyamaza upande wa pili. "Ya kweli hayo, mwanangu?"

"Ya kweli, mama!"

"Ehe! Vipimo?"

Buibui akavuta pumzi, na mbele ya barabara nzima, kwa sauti ambayo mashine yoyote ingeionea wivu, akatangaza:

"Kilo themanini na tisa na nusu!"