Mlango Nyuma ya Kabati

"Jiko linavuja."

Maneno mawili tu, kisha simu ikakatwa.

Shangazi akakitazama kikombe cha chai ambacho hata hakijapoa. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia nyumbani, baada ya kukesha ndani ya gari akimvizia mtu ambaye hakutokea. Magoti yalimuuma. Macho yaliwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Akapiga funda moja la chai, akaichomeka bastola yake ya Glock kiunoni chini ya koti, akashuka ngazi kwa kushika ukuta.

Ndani ya Idara ya ujasusi hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Alikuwa Shangazi kwa wakubwa na wadogo, kwa sababu alikuwa na umri wa kuwagombeza na hakuona haya kuutumia.

Dereva alikuwa ameshaiwasha Land Cruiser.

"Umelala?"

"Nimefumba macho."

"Hiyo siyo kulala, Shangazi."

"Endesha gari, wewe. Mambo ya usingizi niachie mwenyewe."

"Jiko" lilikuwa nyumba. Ukipita mbele yake huioni: geti la bati, ukuta uliofifia rangi, kamba ya kuanikia nguo. Humo ndani Idara ilimficha mama mmoja mhasibu na watoto wake wawili. Kwa miaka mingi mama huyo alifanya kazi kwenye kampuni ya usafirishaji, asijue kwamba makontena yanabeba silaha za magendo. Siku alipojua, aliwachukua watoto wake na kukimbilia Idara na nguo walizovaa. Kesho asubuhi angepanda kizimbani kuwataja wakubwa wa biashara ile mmoja mmoja. Bila yeye, hakuna kesi.

Nyumba ile ilikuwa na siri moja. Nyuma ya kabati la jikoni kulikuwa na mlango wa kutokea ua wa jirani, wa kukimbilia mambo yakiharibika. Idara haina mafundi wake, hivyo mlango ulijengwa na mkandarasi binafsi. Shangazi alilipinga jambo hilo tangu siku ya kwanza. Serikali inaifungia siri kwa kufuli saba, alisema, halafu inakwenda kuikabidhi kwa kampuni yenye namba ya simu ubavuni mwa gari. Alisikilizwa, akashukuriwa, na kampuni ikapewa kazi.

Redio ikakoroma.

"Shangazi, unanipata?" Ilikuwa sauti ya Mkuu.

"Nakupata."

"Tumenasa mazungumzo. Kuna mgeni, ametumwa na wale wauza silaha. Anaujua mlango wa nyuma ya kabati. Nyumba iko wapi, bado hajui. Anataka ajue leo."

"Na shahidi?"

"Itabidi tumhamishe."

"Tumeshamhamisha mara tatu, Mkuu. Amesema akihamishwa tena, mahakamani haendi. Na mimi namwamini."

"Basi ziba," Mkuu akasema. "Haraka."

*

Mkandarasi alikuwa mtu wa kitambi na marashi. Alimpokea Shangazi kwa mikono miwili, akamvutia kiti, akaagiza maji ya baridi.

"Dada yangu, kwangu siri ni siri. Mafundi wote walikula kiapo. Simu zao zilibaki getini, waulize walinzi wenu."

"Na simu yako?"

"Mimi?" Mkandarasi akacheka. "Mimi si ndiye bosi? Mlinzi alinipigia saluti."

Shangazi akamtazama tu. Mtu akitazamwa hivyo na Shangazi huanza kujieleza bila kuulizwa.

"Picha nilipiga, sikatai. Ofisi yenu ilitaka picha za ukuta kabla haujapigwa plasta. Bila picha hakuna malipo, ndivyo nilivyoambiwa. Mkaguzi wenu alikuwa aje mwenyewe, akasema ana shughuli."

"Picha ulizituma. Halafu ukazifuta."

Mkandarasi akajikuna shingo.

"Hukuzifuta."

"Dada, ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote tulizowahi kufanya! Unalifungua kabati, unasukuma rafu, ukuta wote unazunguka, wala husikii mlio. Mteja mpya akija akiuliza umefanya nini, nimwonyeshe nini? Vyoo?"

Akaisogeza tableti yake mezani. Kulikuwa na albamu inayoitwa Kazi Zetu. Vigae, ngazi, dari za mapambo. Kisha kabati la jikoni, limefungwa. Limefunguliwa. Mlango, karibu kabisa, na komeo lake.

Shangazi akahisi uchovu wa usiku kucha unamshukia mabegani kwa mpigo. Angekuwa msaliti, angejua la kumfanya. Mtu anayejisifia kazi yake utamfanya nini?

"Nani ameziona?"

"Mteja mmoja tu, jana. Mstaarabu sana. Alitaka jiko kama lile lile. Nikamrushia picha kwenye simu akamwonyeshe mkewe."

"Ulimwambia nyumba iko wapi?"

Mkandarasi akajishika kifua. "Hapana! Hiyo ni siri ya serikali! Nilimpa namba ya fundi tu, yule aliyejenga, wakapime vipimo leo asubuhi."

Shangazi akasimama. Maji ya baridi hayakuguswa.

*

Fundi ndiye aliyejua kila kitu: nyumba, mlango, na jinsi rafu inavyosukumwa. Akipanda tu gari la Mgeni, atasema mwenyewe huku akicheka, akidhani wanaongelea kazi. Na akishasema hatakuwa na faida tena kwa yule aliyemchukua.

Shangazi akampigia kwa namba aliyopewa na mkandarasi.

"Niko njiani, mama," sauti ikajibu papo hapo. "Hapa nakunja kona tu." Simu ikakatika.

Shangazi akaitazama simu. "Hata hajaniuliza mimi ni nani."

Dereva akaangua kicheko.

"Unacheka nini? Mtu anakwenda kuuawa!"

"Shangazi, huyo haendi popote. Hiyo 'njiani' naijua. Mimi fundi wa bati alikuwa njiani tangu mvua hazijaanza mpaka zikakatika."

Shangazi akampigia mtaalamu wa simu wa Idara.

"Mwenye namba hiyo ana laini nyingine mbili," mtaalamu akasema. "Moja iko kaskazini mwa mji, moja imezimwa. Uliyopiga inarukaruka mnara huu na huu. Nipe nusu saa."

"Sina nusu saa."

Akakata. Akafumba macho, akafikiri kama mwenye nyumba, siyo kama jasusi. Fundi huja mbio lini? Siyo kwenye kazi ya zamani. Kazi ya zamani ameshaizoea, ameshakula pesa yake. Fundi hukimbilia kazi mpya.

"Nipe simu yako," akamwambia Dereva.

Safari hii akaongea kwa sauti ya mama aliyechanganyikiwa.

"Fundi! Nimepewa namba yako na jirani. Bomba limepasuka, maji yameingia sebuleni! Nakulipa leo leo, mkononi!"

"Uko wapi, mama?"

"Njoo kituo cha mafuta karibu na daraja, nikupeleke."

"Nakuja sasa hivi."

Na kweli akaja.

Mafuta ya Land Cruiser yalikuwa bado hayajajaa pikipiki ilipoingia kwa kasi, abiria wake amekumbatia mfuko mkubwa wa vyuma. Mtu mzima, masharubu mazito, ovaroli yenye madoa ya saruji. Akaruka chini kabla pikipiki haijasimama sawasawa.

"Mama wa bomba ni wewe? Twende haraka, twende!"

"Mbona unahema?"

"Kuna mteja nyuma yangu. Ananisubiri pale njia panda tangu asubuhi. Sikuwa na njia nyingine, nikapita mbele yake nimeinamisha kichwa. Ameniona!"

Noah nyeupe ikaingia.

Akashuka mwanamume mrefu, shati limelowa jasho mgongoni. Koti lake alikuwa amelikunja juu ya mkono wa kulia. Kwa joto lile, angeliacha garini. Shangazi akaliona hilo, akajua ndiye Mgeni.

"Fundi," mwanamume akasema. Kiswahili chake kilikuwa safi, kila neno limepigwa pasi. "Ingia kwenye gari."

Fundi akajificha nyuma ya Shangazi. "Bosi, nilikuwa nakuja! Pikipiki ndiyo imeharibika!"

Pikipiki ilikuwa inaunguruma palepale.

"Kaka, samahani," Shangazi akasema. "Mimi nyumba inazama. Nimalizie, kisha umchukue."

"Nilimwita mimi kwanza."

Koti likasogea kidogo. Mdomo wa bastola ukachungulia, una kizuia sauti. Ulimlenga Shangazi tumboni.

Glock ilikuwa kiunoni. Lakini kushoto kulikuwa na pampu za petroli, kulia lori la gesi, na nyuma ya Mgeni watu wamepanga foleni na madumu. Risasi moja tu, na wote wangekwenda na moshi.

Shangazi akapumua kwa sauti, pumzi ya mwanamke aliyechoka na mafundi wote duniani.

"Haya, mchukue," akasema. "Shika na mfuko wake."

Akainama, akatia mkono ndani ya mfuko wa vyuma wa fundi.

Akainuka na spana ya bomba.

Pigo likatua kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ukalia. Bastola ikaanguka, Shangazi akaipiga teke ikatelezea chini ya lori. Mgeni akamrukia kwa mkono wa kushoto. Akakutana na goti. Lilikuwa lile goti linalomuuma zaidi, na Shangazi akaona nyota mchana kweupe, lakini mtu akalala chini.

Noah ikanguruma irudi nyuma. Dereva akaifunga njia kwa Land Cruiser, bampa kwa bampa, akashuka na bastola yake ameielekeza chini.

"Zima," akamwambia dereva mwenzake aliyekuwa ndani ya Noah. "Zima, mzee. Wote tumechoka."

Injini ikazima.

Shangazi akamfunga Mgeni pingu, akamkalisha kwenye tairi. Wakabaki wanahema wote wawili.

"Nimemsubiri tangu saa mbili asubuhi," Mgeni akasema. Alikuwa karibu kulia, na siyo kwa maumivu ya mkono. "Kila nikipiga anasema yuko njiani."

"Ulimlipa?"

"Jana. Yote."

"Yote?"

Shangazi akamwonea huruma ya kweli. Mtu amefundishwa kuua, kufungua kufuli, kubadilisha pasipoti, na hakuna aliyemwambia hilo.

"Pole sana," akasema.

*

Mtaalamu wa simu alizikuta picha kwenye simu ya Mgeni. Hazikuwa zimetumwa kwa mtu yeyote. Alikuwa anazishikilia mpaka apate na anwani, awapelekee waliomtuma vyote kwa pamoja. Fundi na mkandarasi walichukuliwa na Idara, wakapewa chumba, chakula na vitanda, wakae humo mpaka shahidi amalize kusema. Mkandarasi alilalamika. Fundi alilala.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mkuu alipopiga.

"Kazi nzuri. Sasa mhamishe shahidi. Ndivyo utaratibu unavyosema."

"Nyumba haijajulikana, Mkuu."

"Utaratibu, Shangazi."

"Mkuu, zile picha za ukuta, nani aliziomba?"

Mkuu akakohoa.

"Aliyekuwa na shughuli siku ya ukaguzi, ni nani?"

Shangazi akasikia feni ya ofisini kwa Mkuu inavyozunguka.

"Abaki," Mkuu akasema, na akakata.

Kwenye geti la "Jiko" Shangazi aliongeza walinzi wawili, akaingia ndani kwa miguu, anachechemea. Mama mhasibu alikuwa amesimama sebuleni. Mabegi yote yalikuwa yamefungwa na kupangwa kando ya mlango, hata miswaki ya watoto imechomekwa mfuko wa pembeni. Alikuwa ameona walinzi wapya dirishani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Shangazi. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshindwa.

"Nilikwambia," mama akasema taratibu. "Tukihama tena, mimi basi. Nenda kawaambie sikuona kitu, sijui kitu. Wanangu hawajui hata waseme wanakaa wapi."

"Fungua mabegi," Shangazi akasema.

Mama hakuelewa.

"Hamhami. Fungua mabegi, dada. Watoto walale kwenye vitanda vyao."

Mama akakaa juu ya begi kubwa kuliko yote, akajifunika uso kwa viganja. Mabega yakatikisika kwa muda. Shangazi alisimama palepale, kwa sababu akiketi asingeweza kuinuka tena.

Mwishowe mama akajifuta, akalisogeza begi moja, akaanza kufungua zipu.

"Kesho ni saa ngapi?"

"Saa tatu."

Mama akatoa gauni la bluu, akalikung'uta, akaitazama mikunjo yake kwenye mwanga wa dirisha.

"Basi acha nilipige pasi."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, akatoka. Alishuka vipande vya ngazi kimoja kimoja, akapita kamba ya nguo na geti la bati. Dereva alikuwa amemfungulia mlango wa gari. Yeye akampungia mkono aende, maana akiketi humo asingeinuka, akashika njia ya nyumbani kwa miguu, polepole.